Ufungashaji wa moduli za wavuti katika Debian

Ufungashaji wa moduli za wavuti katika Debian ni kazi ya kuandaa kipande cha programu kinachotumika kuunda tovuti au mifumo ya wavuti, ili kiweze kusakinishwa, kusasishwa na kuondolewa kwa amri moja katika mfumo wa uendeshaji wa Debian. Matokeo ya kazi hiyo huitwa *kifurushi*, na jina la faili lake huishia kwa .deb. Kisichanganywe na kifurushi cha intaneti kinachouzwa na kampuni za simu.

Usuli

Debian ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993. Ni mfumo wa programu huria unaotunzwa na watu wa kujitolea, na ndio msingi wa Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004.

Moduli nyingi za wavuti husambazwa na waandishi wake kupitia maghala ya lugha husika, kama CPAN kwa Perl, PyPI kwa Python na npm kwa JavaScript. Njia hiyo ni ya haraka, lakini humwachia msimamizi wa seva mzigo wa kufuatilia mwenyewe dosari za kila moduli. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi wa left-pad, moduli ya JavaScript yenye mistari 11, aliiondoa katika npm, na miradi mingi iliyoitegemea ikashindwa kujengwa. Debian huweka nakala yake ya msimbo chanzo wa kila kifurushi, hivyo mwandishi akiondoa kazi yake kwingine, kilichokwisha kufungashwa hubaki.

Muundo

Faili la .deb lina sehemu tatu: namba ya muundo wake, maelezo ya kifurushi, na mafaili yatakayosakinishwa. Mfungashaji huongeza katika msimbo chanzo folda iitwayo debian, yenye mafaili haya:

* control – jina, maelezo mafupi na vifurushi vingine vinavyohitajika;
* changelog – orodha ya matoleo na mabadiliko;
* copyright – wenye hakimiliki na leseni zao;
* rules – maagizo ya kujenga kifurushi.

Jina la kifurushi huonyesha lugha yake. Moduli ya Perl iitwayo HTML::Template huwa libhtml-template-perl, na Django ya Python huwa python3-django. Moduli za seva ya Apache huanza na libapache2-mod, nazo huwashwa kwa amri ya a2enmod na kuzimwa kwa a2dismod.

Hatua za kazi

Mfungashaji hutangaza kwanza nia yake, ili watu wawili wasifanye kazi ileile. Kisha hukagua leseni ya kila faili. Moduli za wavuti huleta ugumu hapa, kwa kuwa nyingi hubeba ndani yake maktaba za JavaScript zilizobanwa hadi binadamu asiweze kuzisoma. Debian hudai msimbo chanzo halisi, na mara nyingi nakala hizo huondolewa na moduli kuelekezwa kwenye kifurushi cha maktaba husika. Faida yake ni kwamba dosari ya maktaba ikirekebishwa mahali pamoja, moduli zote zinazoitumia hunufaika.

Kifurushi hujengwa kwa dpkg-buildpackage na kukaguliwa kwa lintian. Asiye mwanachama wa mradi huhitaji mdhamini wa kukipakia. Kifurushi kipya hupitiwa na wasimamizi wa ghala, huingia katika tawi liitwalo unstable, kisha testing, na hatimaye katika toleo imara. Toleo imara hupokea marekebisho ya usalama bila kubadilishiwa tabia yake kwa ghafla.

Usambazaji penye intaneti haba

Orodha ya vifurushi vya ghala hulindwa kwa sahihi ya kidijitali, na ndani yake mna alama ya utambulisho ya kila faili. Programu ya apt huhakiki sahihi hiyo kabla ya kusakinisha. Kwa hiyo uaminifu wa kifurushi hautegemei njia kilikopitia. Faili la .deb lililonakiliwa peke yake, bila orodha yenye sahihi, halina uhakika huo.

Jambo hilo lina maana katika miji iliyo mbali na vituo vikubwa vya data. Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, uko katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kutoka sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hufika mjini humo, lakini mkongo kufika mjini si sawa na kila darasa kuunganishwa. Shule isiyo na intaneti inaweza kutumia apt-offline: orodha ya mahitaji huchukuliwa kwa flashi, vifurushi hupakuliwa kwenye kompyuta nyingine, mathalani Vwawa au Mbeya, kisha hurudishwa na kuhakikiwa. Penye kompyuta nyingi na mtandao mwembamba, apt-cacher-ng huhifadhi nakala ya kila kifurushi, kikapakuliwa mara moja tu kwa wote.

Moduli iliyofungashwa hupita njia hizo pamoja na vyote inavyovitegemea. Iliyosakinishwa kwa mkono haimo katika orodha ya apt, na hubaki na dosari zake hadi mtu aikumbuke.