Panya aliyekufa njaa mbele ya chakula

Oktoba 1947 moto wa msituni uliteketeza sehemu kubwa ya Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Maine, Marekani. Panya waliofugwa humo kwa utafiti wakaangamia kwa maelfu. Watafiti wa kwingine waliowahi kupewa panya wa koo hizo wakawarudishia mbegu, na ufugaji ukaanza upya.

Kiangazi cha 1949 akaonekana humo kipanya mnene ajabu, asiyejua kushiba. Wa aina yake walifikia uzito mara tatu ya wenzao. Kasoro hiyo ilikuwa ya kurithi, nao watafiti wakaipa jina la herufi mbili tu: ob.

Mwaka 1958 aliajiriwa hapo Douglas Coleman, mwanabaiokemia kutoka Kanada. Alidhamiria kukaa mwaka mmoja au miwili. Alikaa mpaka akastaafu. Mwaka 1966 yeye na wenzake walitangaza aina nyingine ya panya wanene, db, hawa wakiwa na kisukari kikali juu ya unene. Coleman akajiuliza: je, kuna kitu ndani ya damu kinachosababisha haya?

Akatumia mbinu iliyokuwa ikijulikana tangu karne ya 19. Unapasua ngozi ya panya wawili ubavuni, unawashona pamoja, na kidonda kikipona damu ya huyu huanza kupenya kwa yule, kidogo kidogo. Alimshona db na panya wa kawaida, akitarajia huyu wa kawaida apate kisukari. Hakupata. Aliacha kula, akakonda, akafa. Chakula kilikuwa pale pale, kwenye kizimba kimoja. Walipopasuliwa, tumbo la mnene lilikuwa limevimba kwa chakula, la mwenzake halikuwa na hata punje.

Akamshona db na ob. Safari hii ob, yule asiyeshiba, ndiye aliyesusa chakula mpaka akafa. Na ob aliposhonwa na panya wa kawaida, hakufa. Alipunguza kula tu.

Hapo ndipo akili ya Coleman ilipofanya kazi. Ob, alisema, hana mjumbe wa kumwambia kuwa ameshiba; akipewa wa jirani, anamsikia vizuri. Db anaye mjumbe, tena tele, ila ni kiziwi. Ujumbe usiosikika ukafurika hadi kwa mwenzake mwenye masikio, ukamuua kwa shibe ya bandia. Haya aliyaandika kufikia mwaka 1973, na wengi hawakumwamini. Unene ulihesabiwa kuwa tabia. Neno "mlafi" ni jepesi mdomoni, hata mdomoni mwa msomi.

Coleman hakumpata mjumbe mwenyewe. Vifaa vya wakati ule havikutosha. Aliyempata ni Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, baada ya miaka kama minane ya kuisaka jeni ya ob. Alitangaza Desemba 1994. Mjumbe ni homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe ya mwili, ikaitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mwaka uliofuata likapatikana na sikio lake, na kampuni ya Amgen ikalipa dola milioni 20 ili iwe na haki ya kuiendeleza kuwa dawa.

Fedha zile hazikuleta sindano ya kukondesha dunia. Watu wanene walio wengi wana leptini nyingi kuliko wembamba. Ubongo wao ndio hauitikii. Wako karibu zaidi na db.

Wachache sana, hata hivyo, ni ob kamili. Mwaka 1997 kundi la Stephen O'Rahilly huko Cambridge, Uingereza, lilieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja wasio na leptini. Mkubwa alikuwa na miaka minane na kilo 86. Alipoanza kuchomwa sindano za homoni hiyo, hamu ya kula ikatulia, na kwa mwaka mmoja akapungua kilo 16.

Coleman na Friedman walipewa Tuzo ya Lasker ya utafiti wa tiba mwaka 2010. Kufikia wakati huo Coleman alikuwa amestaafu miaka 19, akishughulika na msitu wake kule kule Maine.