Komboa, Gomboa, Ukombozi: Historia ya Neno na Swali la Kimaadili katika Ukristo wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kitenzi komboa na maneno yaliyonyambuliwa kutokana nacho, tangu matumizi yake katika biashara ya pwani, kupitia tafsiri za Biblia na makazi ya watumwa walioachwa huru, hadi siasa za karne ya 20 na mijadala ya madeni ya karne ya 21. Yanadai kwamba Kiswahili, kwa kutumia neno moja mahali ambapo lugha kadhaa za Ulaya hutumia mawili, kimehifadhi ndani ya msamiati wa dini swali la kimaadili ambalo mafundisho mara nyingi yamelipita: anayekomboa humlipa nani, kwa haki gani, na aliyekombolewa hubaki akidaiwa nini?

1.0 Utangulizi

Maadili ya Kikristo yanapojadiliwa kwa Kiswahili, mjadala hutumia maneno ambayo hayakuzaliwa kanisani. Dhambi, dhamiri, haki na fidia yalitokana na Kiarabu na yalikuwa na maisha marefu katika sheria na malezi ya Waislamu wa pwani kabla ya wamisionari kufika. Mengine, kama vile okoa na komboa, ni ya asili ya Kibantu, nayo yalikuwa na kazi zake za kila siku. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864, hawakukuta lugha iliyo tupu. Walikuta lugha iliyokwisha kuamua, kwa njia yake, mtu ni mali kwa kiasi gani na huachiliwa kwa utaratibu upi.

Uchunguzi wa tafsiri za Biblia za Kiswahili umeelekea zaidi kwenye suala la lahaja, yaani Kimvita dhidi ya Kiunguja, na suala la maneno ya Kiarabu, ambalo Karl Roehl alilipa uzito mkubwa katika tafsiri yake ya Biblia nzima iliyotoka mwaka 1937. Neno komboa halikuingia sana katika mabishano hayo, kwa kuwa si la Kiarabu na linaeleweka kote. Huenda ndiyo sababu historia yake imepewa nafasi ndogo. Hata hivyo, ni vigumu kupata neno la Kikristo katika Kiswahili lililobeba mzigo mzito wa kimaadili kuliko hili.

2.0 Umbo na maana

Kimofolojia, uhusiano wa komboa na mkombozi ni wa kawaida. Sauti /l/ ya kale iliyopotea kati ya irabu katika kitenzi inajidhihirisha kama /z/ mbele ya kiambishi tamati -i, kama ilivyo katika okoa na mwokozi, au pokea na mpokezi. Kutokana na mkombozi hupatikana nomino dhahania ukombozi.

Kisemantiki, komboa na okoa hazilingani. Anayeokoa humtoa mtu hatarini kwa njia yoyote: kwa nguvu, kwa hila, au kwa bahati. Anayekomboa hutoa kitu. Kiini cha komboa ni kukirejesha kitu kilicho mikononi mwa mwingine kwa kulipa, kiwe rehani, shamba, au mtu. Umbo gomboa, lenye kighuna mahali pa sighuna, limeihifadhi maana hiyo vizuri zaidi. Katika Kiswahili cha Tanzania leo, mizigo hugombolewa bandarini baada ya ushuru kulipwa, na wapo mawakala ambao kazi yao ni hiyo. Mgawanyo huu wa matumizi unastahili kuzingatiwa: /k/ imekwenda kanisani na katika siasa, ilhali /g/ imebaki forodhani. Kwa asili maneno hayo ni mamoja.

Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, ijulikanayo kama Tafsiri ya Muungano, inaonesha kwamba wafasiri waliuelewa upana huo. Katika sura ya 25 ya Mambo ya Walawi, kitenzi komboa kinahusu shamba lililouzwa na ndugu aliyejiuza kwa umaskini, na mwenye wajibu wa kukomboa ni jamaa wa karibu. Katika nyaraka za Paulo, ukombozi unahusu dhambi. Katika Ayubu 19:25, ambapo neno la Kiebrania ni lilelile la jamaa anayekomboa, wafasiri walichagua mteteaji. Uchaguzi huo unaashiria kwamba waliona mahali ambapo dhana ya malipo isingefaa: Ayubu hadaiwi fedha, anadai haki.

3.0 Fedha za ukombozi: Bagamoyo na Rabai

Neno hili lilikuwa na maana halisi kabisa kwa Wakristo wa kwanza wa pwani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Unguja mwaka 1863 na kufungua kituo cha Bagamoyo mwaka 1868. Kwa fedha za michango kutoka Ulaya walinunua watumwa, wengi wao watoto, wakawalea, wakawafundisha kazi, wakawaozesha na kuwapa makazi. Kwa watoto hao, kukombolewa hakukuwa sitiari. Palikuwa na muuzaji, bei, na mnunuzi aliyevaa kanzu.

Mazoea hayo yalizua maswali mawili. La kwanza ni la soko: anayenunua mtumwa ili kumwacha huru humpa mfanyabiashara faida ileile ambayo angeipata kwa mnunuzi mwingine. La pili ni la hadhi ya aliyenunuliwa. Wakombolewa wa Bagamoyo waliishi chini ya ratiba kali ya sala na kazi za shambani, na hiari yao ya kuondoka au kuchagua mwenzi wa ndoa ilikuwa na mipaka. Sheria ya Kiislamu ya pwani ilikuwa na dhana iliyo wazi kuhusu jambo hilo: mtumwa aliyeachwa huru hubaki na uhusiano wa walaa na aliyemwacha huru. Misheni haikuwa na neno la namna hiyo, lakini hali yenyewe ilikuwapo.

Katika Kenya ya leo, swali lilijitokeza kwa sura nyingine. Shirika la Kianglikana la CMS lilianzisha Frere Town, karibu na Mombasa, mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliotekwa baharini na manowari za Uingereza. Lakini katika kituo cha Rabai, ambako mhudumu mkuu kwa muda mrefu alikuwa William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa na kulelewa India, walifika watu wa aina nyingine: watoro waliowakimbia mabwana wao wa pwani. Watoro hao hawakukombolewa na mtu. Walijitoa wenyewe.

Msomaji wa Biblia aliyetaka mwongozo alikuta maandiko yanayovutana. Kumbukumbu la Torati 23 inakataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia. Waraka kwa Filemoni unamwonesha Paulo akimrudisha Onesimo, ingawa anamtaka bwana wake ampokee kama ndugu. Uongozi wa misheni ulitaka kuepuka ugomvi na wenye watumwa, lakini watoro waliendelea kupokewa. Kufikia mwaka 1888 idadi yao ilikuwa kubwa kiasi cha kuhatarisha amani. Suluhisho lilitoka kwa kampuni ya kibiashara: George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa fidia mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai kwa takriban watu 1,400.

Tukio hilo lilishangiliwa, na kwa haki. Familia nyingi zilipata usalama. Lakini mantiki yake inahitaji kuangaliwa. Watu waliokwisha kujitoa utumwani walitangazwa huru siku ambayo bwana alilipwa. Uhuru wao ulitambuliwa kupitia risiti. Amri ya Unguja ya mwaka 1897 ilifuata mantiki hiyohiyo: mtumwa alipaswa kwenda mahakamani kuomba uhuru, na bwana aliyethibitisha umiliki halali alistahili fidia. Mtumwa hakufidiwa kwa miaka aliyotumika.

4.0 Swali la kale la teolojia

Suala la nani hulipwa halikuanzia Rabai. Katika karne ya 3, Origene alieleza kifo cha Kristo kama fidia iliyotolewa kwa Shetani, aliyewashikilia wanadamu. Katika karne ya 4, Gregori wa Nazianzo aliikataa fikra hiyo kwa hoja ambayo mtoro yeyote wa Rabai angeielewa: ni aibu kudhani kwamba mnyang'anyi anastahili malipo kwa alichokipora. Anselmo wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alishikilia vilevile kwamba Shetani hana haki inayodai kulipwa, na akalihamisha deni: mwanadamu anadaiwa na Mungu heshima aliyomnyima.

Hoja hizi husomwa katika vyuo vya teolojia kama historia ya mafundisho ya wokovu. Zikisomwa kwa Kiswahili, sambamba na historia ya pwani, huwa hoja za maadili. Iwapo mshikaji hana haki, fedha anayopewa inaweza kuwa njia ya kuokoa maisha, lakini haiwezi kuwa chanzo cha uhuru. Tofauti hiyo ni ya msingi. Aliyelipa ili kumwokoa mtoto kutoka kwa mfanyabiashara wa watumwa alitenda tendo la huruma. Alikosea pale tu alipodhani kwamba malipo yake yalimpa dai juu ya maisha ya mtoto huyo, au kwamba yalimthibitisha muuzaji kuwa mmiliki.

5.0 Kutoka kazi ya shuruti hadi harakati za ukombozi

Mwishoni mwa mwaka 1919 serikali ya Kenya ilitoa waraka uliowaagiza maofisa wahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda walilalamikia namna agizo lilivyokuwa, lakini walikubali shuruti ya kazi iwapo ingewekwa wazi kisheria na kuwekewa masharti. Frank Weston, Askofu wa Unguja, hakuridhika. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu ambacho jina lake liliwaita Waafrika hao watwana wa Uingereza. Kwake, kasoro haikuwa katika taratibu za shuruti bali katika shuruti yenyewe. Mgongano huo wa maaskofu wa kanisa moja unaonesha kuwa kukomesha soko la watumwa hakukufuta swali lililokuwa nyuma yake, yaani ni nani mwenye dai juu ya nguvu za mtu mwingine.

Nusu ya pili ya karne ya 20 ililipa neno maisha mapya. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoanzishwa mwaka 1963, kamati yake ya kusaidia vyama vilivyopigania uhuru iliwekwa Dar es Salaam, nayo ikajulikana kwa Kiswahili kuwa Kamati ya Ukombozi. Hapa komboa lilipoteza sehemu moja ya maana yake ya kale: hakuna aliyekusudia kumlipa mkoloni. Sehemu nyingine ilibaki, kwa kuwa gharama ilikuwapo, nayo ilikuwa damu. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipotoa ruzuku mwaka 1970 kwa vyama hivyo, FRELIMO kikiwamo, makanisa mengi ya Ulaya yalihoji iwapo sadaka inaweza kupewa watu wenye silaha. Mwaka huohuo Julius Nyerere, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa lishiriki waziwazi kupinga mifumo inayowafanya watu maskini, au likubali kuonekana mshirika wa mifumo hiyo.

Gustavo Gutiérrez alipochapisha kitabu chake kuhusu teolojia ya ukombozi huko Peru mwaka 1971, wapinzani wake walidai kwamba alichanganya mambo mawili, redención na liberación. Kwa Kihispania madai hayo yana maneno ya kuyashikilia. Kwa Kiswahili hayana. Teolojia ya ukombozi inaposikika, msikilizaji husikia neno lilelile analolitumia kumwita Kristo Mkombozi. Yeyote atakaye kutenganisha wokovu wa roho na uhuru wa mwili katika Kiswahili hulazimika kuongeza vivumishi, na kwa kufanya hivyo hukiri kwamba lugha haikuvitenganisha.

6.0 Deni

Katika miaka ya 1990 neno lilirejea kwenye fedha. Kampeni ya Jubilei 2000, iliyochota hoja zake katika sura ileile ya Mambo ya Walawi, ilidai kufutwa kwa madeni ya nchi maskini, na Tanzania ilifikia hatua ya kupata msamaha kamili chini ya mpango wa kimataifa wa nchi zenye madeni makubwa mnamo Novemba 2001. Siku hizi mjadala umeshuka hadi ngazi ya kaya. Mikopo ya riba kubwa, inayotolewa kwa haraka kwa dhamana ya kadi ya benki, samani au simu, imepewa na wananchi jina lisilohitaji ufafanuzi: kausha damu.

Katika mahubiri, mkopaji hushauriwa kuwa na nidhamu na kutimiza ahadi. Ushauri huo una msingi, kwa kuwa uaminifu katika deni ni sehemu ya haki. Lakini historia ya komboa inadai swali la pili liulizwe kwa mkopeshaji: je, dai lake lote ni halali? Katika Walawi 25, sheria inayomruhusu maskini kuuza shamba ndiyo inayomkataza nduguye kumtoza riba, na ndiyo inayowapa jamaa wajibu wa kumkomboa. Aidha, katika Tafsiri ya Muungano, Sala ya Bwana kwa mujibu wa Mathayo inaomba msamaha wa deni, ilhali waumini wa Kikatoliki huomba msamaha wa makosa. Tofauti hiyo ina uzito wake: neno deni humkumbusha anayesali kwamba huenda na yeye ana wadeni.

7.0 Hitimisho

Komboa limepita Bagamoyo, Rabai, Dar es Salaam na kwenye dirisha la mkopeshaji bila kupoteza kiini chake. Kila mara limeambatana na gharama, na kila mara limeacha wazi suala la mshikaji na suala la mkombozi. Mapokeo ya Gregori yanajibu la kwanza: aliyepora hapati haki kwa sababu amelipwa. La pili ndilo lililo gumu zaidi kwa makanisa, mashirika ya misaada na hata mataifa yaliyopigania uhuru wa wengine, kwa kuwa linamhusu mtenda wema. Watoto wa Bagamoyo walikombolewa kwa fedha za watu waliowatakia mema, kisha wakaamuliwa mahali pa kuishi. Mahali ambapo ukombozi huishia kwa aliyekombolewa kuwa na bwana mpya, neno sahihi zaidi ni lile lililobaki forodhani: mzigo umegombolewa, na sasa una mwenyewe.