Português

Português ni sarafu kubwa ya dhahabu iliyoanza kufuliwa nchini Ureno mwaka 1499, enzi ya Mfalme Manuel I (1495–1521). Ilikuwa na uzito wa gramu 35 hivi za dhahabu iliyokaribia kuwa safi kabisa, na thamani yake ilikuwa cruzado 10. Cruzado ndiyo sarafu ya dhahabu iliyotangulia, ya mwaka 1457.

Upande mmoja una msalaba wa Shirika la Kristo na maneno ya Kilatini yenye maana ya “kwa ishara hii utashinda”. Upande wa pili una ngao ya mfalme yenye taji, nayo imezungukwa na duara mbili za maandishi. Hapo ndipo penye uzito wa sarafu hii. Manuel anajitangaza si mfalme wa Ureno tu, bali pia bwana wa ushindi, usafiri wa baharini na biashara ya Ethiopia, Uarabuni, Uajemi na India. Kwa Wazungu wa zama hizo, Ethiopia lilikuwa jina pana la nchi za watu weusi.

Madai hayo yalitangulia matendo. Mwaka huo wa 1499 Vasco da Gama ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka India, baada ya kupitia Mombasa na Malindi mwaka 1498, na Wareno hawakuwa na ngome hata moja katika Bahari ya Hindi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana haki ya kuyasoma maandishi hayo kama tishio, kwani mwaka 1502 da Gama alirudi na kumlazimisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliipora Kilwa, kisha Mombasa. Kilwa hiyo ilikuwa ikitoa sarafu zake yenyewe, nyingi za shaba, karne kadhaa kabla Mreno hajafika.

Português iliendelea kufuliwa chini ya Mfalme João III hadi mwaka 1538. Sifa zake zilienea hata Hamburg na miji mingine ya kaskazini mwa Ujerumani ikaiga, ikaziita sarafu zake Portugaleser.

Ama ile dhahabu ya kodi ya Kilwa, ilifuliwa mwaka 1506 kuwa chombo cha Ekaristi kiitwacho Custódia de Belém. Kipo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon.