Meltdown na Spectre: Jinsi watumiaji wa kompyuta walivyoipokea dosari ya prosesa

Tarehe 3 Januari 2018, watafiti wa usalama wa kompyuta walitangaza dosari mbili walizozipa majina ya Meltdown na Spectre. Tofauti na dosari nyingi zilizotangulia, hizi hazikuwa katika programu fulani ambayo mtu angeweza kuifuta na kuweka nyingine. Zilikuwa ndani ya prosesa, yaani kifaa kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Meltdown iligusa karibu prosesa zote za Intel zilizotengenezwa tangu mwaka 1995, isipokuwa aina chache. Spectre iligusa pia prosesa za AMD na nyingi za muundo wa ARM, ambao hutumika zaidi katika simu.

Kwa hiyo seva ya benki kubwa mjini na kompyuta ya ofisi ndogo mashambani ziliingia katika tatizo moja kwa siku moja. Mtumiaji hakuwa amekosea lolote: hakubofya kiungo kibaya wala hakutoa neno lake la siri kwa mtu. Hata hivyo, madhara ambayo watu wengi waliyapata katika miezi iliyofuata yalitokana zaidi na namna walivyoipokea habari hiyo kuliko na dosari yenyewe.

Dosari yenyewe ni nini

Prosesa za kisasa hazingoji kila amri ithibitishwe ndipo ziifanyie kazi. Ili kuokoa muda, hukisia amri itakayofuata na kuanza kuitekeleza mapema. Zikikisia sawasawa, kazi huwa imekwisha kabla haijaombwa. Zikikosea, huyatupa matokeo na kuanza upya. Mbinu hii, inayoitwa utekelezaji wa kubashiri, ndiyo mojawapo ya sababu za kompyuta kuwa na kasi kubwa tangu miaka ya 1990.

Mfano wake ni mpishi wa mgahawa anayemfahamu mteja wake wa kila asubuhi. Akimwona kwa mbali anavuka barabara, huanza kukaanga mayai kabla hajaagizwa. Siku mteja akisema leo anataka uji, mayai huondolewa na hesabu haiyaonyeshi. Lakini harufu ya mafuta imebaki jikoni, na mtu mwingine akiingia anaweza kutambua kilichokuwa kikipikwa. Vivyo hivyo, matokeo yaliyotupwa na prosesa huacha alama katika kumbukumbu yake ya haraka, iitwayo kashe. Programu yenye nia mbaya hupima tofauti ndogo mno za muda wa kusoma kashe hiyo, na kwa vipimo hivyo hukusanya kidogo kidogo habari isiyopaswa kuiona, kama vile maneno ya siri.

Jina la Meltdown lina maana ya kuyeyuka, kwa kuwa dosari hiyo huyeyusha mpaka unaozitenga programu za kawaida na moyo wa programu endeshi. Spectre, yaani mzuka, huilaghai programu nyingine ibashiri vibaya na kufichua siri zake yenyewe. Meltdown ni rahisi zaidi kuizuia. Spectre ni ngumu kwa mshambuliaji kuitumia, lakini pia ni ngumu kuiondoa kabisa.

Siri iliyovuja kabla ya siku yake

Dosari hizi ziligunduliwa na makundi mbalimbali yaliyofanya kazi bila kutegemeana. Miongoni mwa wagunduzi walikuwamo Jann Horn wa kitengo cha Project Zero cha kampuni ya Google, mtaalamu Paul Kocher, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria, na wale wa kampuni ya Cyberus Technology ya Ujerumani. Intel iliarifiwa mwezi Juni 2017. Makubaliano yalikuwa kwamba habari itolewe tarehe 9 Januari 2018, siku ambayo dawa ya dosari ingekuwa tayari kwa wote.

Mpango huo haukutimia. Mabadiliko yaliyokuwa yakifanywa hadharani katika programu endeshi ya Linux yaliwafanya wataalamu washuku kuna jambo, na tarehe 2 Januari jarida la mtandaoni la The Register la Uingereza likaandika juu yake. Tangazo rasmi likafuata siku moja baadaye. Kampuni kadhaa zililazimika kutoa masasisho kwa haraka kuliko zilivyokusudia, na haraka hiyo ilikuwa na gharama yake kwa watumiaji.

Waliosasisha mapema

Watumiaji makini walifanya walivyoshauriwa: walisakinisha masasisho mara yalipotoka. Baadhi yao walijuta. Siku chache baada ya Microsoft kutoa sasisho lake la dharura, wenye kompyuta za AMD za aina fulani za zamani waliripoti kwamba mashine zao haziwaki tena, na Microsoft ikasimamisha sasisho hilo kwa kompyuta hizo. Tarehe 22 Januari, Intel nayo iliwataka watumiaji na watengenezaji waache kusakinisha maikrokodi yake mpya, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, kwa sababu baadhi ya kompyuta zilikuwa zikijizima na kujiwasha zenyewe. Kabla mwezi huo haujaisha, Microsoft ilitoa sasisho jingine la kuzima sehemu ya kinga iliyokwisha kutolewa.

Kuna pia waliodhani wamelindwa kumbe sivyo. Kwa kuwa baadhi ya programu za kuzuia virusi ziligongana na sasisho jipya, Microsoft iliamua kutolipeleka kwa kompyuta ambazo programu zake za kuzuia virusi hazijathibitisha kwamba zinalikubali. Mwenye programu ya zamani hakupata sasisho hilo, na wala hakujua kwamba hajalipata.

Waliolalamikia kasi, na waliozima kinga

Malalamiko makubwa zaidi yalihusu kasi. Kinga dhidi ya dosari hizi huizuia prosesa kubashiri kwa uhuru kama zamani, na kwa hiyo huipunguzia mwendo. Microsoft ilikiri kwamba kwenye kompyuta mpya za wakati huo tofauti ni ndogo, lakini wenye prosesa za mwaka 2015 au za kabla ya hapo, hasa wanaotumia Windows 7 na Windows 8, wengi wao wangeuhisi upungufu huo. Kampuni ya michezo ya kompyuta ya Epic Games ilichapisha mchoro ulioonyesha jinsi mzigo wa seva zake ulivyopanda ghafla baada ya sasisho. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alizishutumu hadharani na kwa maneno makali baadhi ya dawa zilizoletwa na Intel.

Wengine walikwenda mahakamani. Kufikia Februari 2018, Intel iliripoti kwamba inakabiliwa na kesi 32 za pamoja zilizohusu dosari hizo, 30 kati yake zikiwa za wateja.

Wengine tena waliamua kuizima kinga. Programu ndogo ziliandikwa zilizomwezesha mtu kuiondoa kwa kubofya mara moja, na mwaka 2019 Linux iliongezewa amri moja ya kuzima kinga zote za aina hiyo kwa pamoja. Uamuzi huo unaweza kuwa na busara kwa mtaalamu mwenye mashine ya hesabu isiyounganishwa na intaneti. Kwa mtu anayelipa ada ya shule au kuingia kwenye akaunti ya benki kwa kompyuta hiyohiyo, hana anachokipata kinacholingana na anachokihatarisha.

Waliodanganywa

Hofu ilipoenea, matapeli hawakuchelewa. Katikati ya Januari 2018, Ofisi ya Shirikisho la Ujerumani ya Usalama wa Habari, BSI, ilionya juu ya barua pepe zilizojifanya zimetoka kwake, zikiwahimiza watu kupakua dawa ya Meltdown na Spectre. Aliyepakua alisakinisha programu haribifu iitwayo Smoke Loader, ambayo humfungulia mdukuzi mlango wa kuingiza programu nyingine. Waliodhurika kwa njia hii walikuwa watu waliotaka kujilinda, na ilitosha kuwapa kiungo cha uongo.

Kundi la mwisho, na pengine kubwa kuliko yote, ni la watu ambao hawakufanya lolote. Baadhi hawakusikia. Wengine walisikia, wakaona jambo lenyewe ni gumu kulielewa, wakaliacha.

Hatari iliyo karibu zaidi

Baada ya tangazo la Januari 2018, halikuja wimbi la mashambulizi dhidi ya watu wa kawaida kwa kutumia Meltdown au Spectre. Mashambulizi ya aina hiyo yanahitaji ujuzi mwingi, na mhalifu anazo njia rahisi zaidi. Lakini kutokana na hilo watu wengi walifikia hitimisho lisilo sahihi, kwamba masasisho ni usumbufu tu.

Jibu la hoja hiyo lilikwisha kuonekana miezi minane kabla. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba dosari nyingine ya Windows, isiyohusiana na prosesa. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, programu haribifu ya WannaCry iliitumia dosari hiyo kufunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takribani 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Waliokuwa wamesasisha Windows zao katika miezi hiyo miwili walikuwa na kinga. Anayezima masasisho yote kwa kuchukizwa na sasisho moja la prosesa hujirudisha katika hali ya wale waliokumbwa na WannaCry.

Kutoka maabara hadi sekta ya Butare

Sekta ya Butare, yaani umurenge wa Butare, ni mojawapo ya sekta 18 za wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya Cyangugu ya zamani, kusini-magharibi mwa Rwanda. Haipaswi kuchanganywa na mji wa Butare wa wilaya ya Huye, maarufu kwa chuo kikuu. Rusizi inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi, na biashara kati ya Kamembe na Bukavu hufanyika kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili.

Katika sekta kama hii, kompyuta moja mara nyingi huhudumia watu wengi. Wakala wa Irembo huingiza namba za vitambulisho za majirani zake wanaoomba vyeti na huduma nyingine za serikali. Vyama vya Umurenge SACCO, ambavyo vilianzishwa vikiwa 416 nchini kote, kimoja kwa kila sekta, vimekuwa vikihamisha hesabu za wanachama kutoka daftari hadi kompyuta. Mashine moja isiyosasishwa si hatari ya mwenyewe peke yake, kwani imebeba siri za watu ambao hawajawahi kuigusa.

Sheria nayo inalitambua hilo. Sheria ya Rwanda ya kulinda data binafsi na faragha, ya tarehe 13 Oktoba 2021, inamtaka anayesimamia data za watu aiarifu mamlaka husika ndani ya saa 48 baada ya kujua kwamba data hizo zimevuja. Usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA.

Vikwazo vya watumiaji wa mashambani ni vya kweli. Sasisho kubwa linaweza kumaliza kifurushi cha intaneti kilichonunuliwa kwa wiki nzima. Kompyuta zilizotumika, ambazo ndizo nafuu, zina tatizo lake: Aprili 2018 Intel ilitangaza kwamba haitatoa maikrokodi ya kuzuia Spectre kwa baadhi ya familia zake za zamani, nyingi zikiwa za kati ya mwaka 2007 na 2011. Kwa upande wa simu kuna nafuu: viini vya ARM vya Cortex-A7 na Cortex-A53, vilivyotumika katika simu nyingi za bei ya chini, havibashiri kwa namna inayohitajika kwa dosari hizi, na havikuwamo katika orodha ya vilivyoathirika.

Mambo ya kuzingatia

Dosari za aina hii hazikuishia mwaka 2018. Foreshadow ilitangazwa Agosti mwaka huo, ZombieLoad Mei 2019, Retbleed Julai 2022, na Downfall Agosti 2023. Kila mara hatua zinazomfaa mtumiaji wa kawaida zimekuwa zilezile.

Kwanza, masasisho yachukuliwe ndani ya mipangilio ya kompyuta au simu yenyewe, kamwe si kwa kiungo kilichotumwa kwa barua pepe au WhatsApp.

Pili, kivinjari kisasishwe kabla ya vingine ikiwa kifurushi ni kidogo. Spectre inaweza kujaribiwa kupitia ukurasa wa intaneti, na ndiyo maana Firefox ilitoa kinga yake tarehe 4 Januari 2018, na Chrome ikafuata baadaye mwezi huo. Sasisho la kivinjari ni dogo kuliko la programu endeshi.

Tatu, kabla ya sasisho kubwa, mafaili muhimu yanakiliwe kwenye diski ya nje. Waliofanya hivyo Januari 2018 hawakuwa na sababu ya kuhofia kazi zao kompyuta zilipokataa kuwaka.

Nne, anayenunua kompyuta iliyotumika aulize umri wa prosesa na kama programu endeshi yake bado inahudumiwa. Huduma ya kawaida ya Windows 7 ilikoma tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ambayo ni nzee mno kwa Windows 11 inaweza kuwekewa Linux, ambayo haina malipo.

Tano, kwenye kompyuta ya pamoja, kila mtu atoke katika akaunti yake anapomaliza, na maneno ya siri yasihifadhiwe humo.