Upogoaji wa Sinapsi
Mavuno makuu yakiisha, mkulima wa kahawa wa Ruiru huingia shambani na makasi na msumeno, awe amepanda aina ya SL28 au ya Ruiru 11. Matawi yaliyochoka kuzaa hukatwa, machipukizi yaliyozuka shinani hunyofolewa, jua na hewa vikapita katikati ya mti. Huko ndiko kupogoa. Jambo la aina hiyo hutokea kichwani mwa mtoto, nami naliita upogoaji wa sinapsi. "Upunguzaji" hautoshi: hata anayefyeka ovyo amepunguza, ila anayepogoa huchagua.

Sinapsi ni kiungo ambapo seli moja ya neva huipasha nyingine habari. Mtoto mchanga huziotesha kwa wingi kupita mahitaji. Zinazotumika huimarika, zilizolala huondolewa. Kazi hiyo huendelea hadi ujanani, na sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji huchelewa kukamilika.

Na mpogoaji? Kinga ya mwili! Ubongo una seli zake za kinga, maikroglia, zilizopewa jina na Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Asili yake ni kifuko cha kiini cha mimba changa, na kutoka huko huhamia ubongoni mapema mno. Mwaka 2007, Beth Stevens na Ben Barres wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba C1q, protini ambayo huwekea bakteria alama ili waliwe, inahitajika pia katika kuondoa sinapsi. Miaka 5 baadaye, maikroglia zilionekana zikizimeza.

Upogoaji ukizidi? Mwaka 2016 watafiti waligundua kwamba aina za jeni ya C4, protini ya kundi moja na C1q, zinazoitengeneza kwa wingi huongeza hatari ya skizofrenia, maradhi ambayo aghalabu hujitokeza mtu akiwa kijana. Kuhusu usonji, dalili ni za upogoaji haba: uchunguzi wa New York wa mwaka 2014, kwenye ubongo wa watoto na vijana waliofariki wakiwa na usonji, ulikuta sinapsi nyingi kuliko za wenzao wasio nao. Hata hivyo, watafiti hao walishuku hitilafu ndani ya seli za neva zenyewe, na usonji una njia nyingi.

Kwa hiyo mzazi wa Thika akiuziwa chupa ya "kuongeza kinga" ili mwanawe apone usonji, ana haki ya kumuuliza muuzaji ni kinga ipi inayoongezwa, na ikishaongezwa itakata nini.