Siri, Mapenzi na Dola katika Hadithi ya Wapanda Majoka

Hadithi iliyopendwa ikipata juzuu ya pili, mtungaji wake huwa amejitwika mzigo mzito kuliko ule wa kwanza, kwani msomaji amekwisha kuwajua mashujaa, amekwisha kuwaona wakishinda, na sasa ataka kujua ushindi ule ulikuwa na thamani gani. Rebecca Yarros, mtungaji wa Marekani, alitoa Fourth Wing mwezi wa Mei 2023, na mwezi wa Novemba mwaka uleule akaifuatisha na Iron Flame, riwaya ya mapenzi na maajabu ambayo mambo yake mengi hupita Basgiath, chuo cha vita ambamo vijana hufunzwa kupanda majoka. Hoja yangu ni kwamba uzito wa juzuu hii ya pili haumo katika moto wa majoka wala katika mahaba ya wapandaji, bali umo katika suala la siri: ni nani mwenye haki ya kuificha, na wapendanao wafanyeje wanapokutana na siri ya dola. Suala hili fasihi ya Kiswahili imelishughulikia tangu zamani, na sisi wa Utange, huku Kisauni, Mombasa, tuna sababu yetu wenyewe ya kulipima.

Violet Sorrengail, binti wa jemadari akitawalaye chuo, mwenye viungo dhaifu lakini akili nyingi, aingia mwaka wake wa pili akiwa amekwisha kujua jambo ambalo wakuu wamelificha kwa mamia ya miaka: ng'ambo ya mpaka wa Navarre, nchi yake, wako wanaofyonza uhai wa ardhi, na raia wa nchi jirani wanateketea, ilhali Navarre imejisitiri nyuma ya mazindiko yake na kuwafundisha watoto wake kwamba mambo hayo ni ngano za kale. Mpenzi wake, Xaden Riorson, mwana wa kiongozi wa maasi, amekuwa akivusha silaha kwa siri kuwapelekea majirani wale. Majoka nayo si kama yale ya hekaya zetu: katika hekaya ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 miongoni mwa hadithi za Unguja, nyoka wa vichwa saba huuawa na paa ili bwana wake apate jumba limstahililo. Kwa Yarros joka haliuawi kwa ajili ya makao. Huwa mwenza asemaye ndani ya akili ya mpandaji wake. Majoka ya Violet na Xaden ni mume na mke, hata wapandaji wao hawawezi kutengana siku nyingi. Walakini ukaribu huo wa lazima haukuzaa imani, kwa kuwa Xaden yu radhi kutoa roho yake kabla ya kutoa siri zake.

Hapa ndipo Fumo Liyongo anapotufaa. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na simulizi kongwe, Liyongo ni shujaa asiyedhuriwa na silaha isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Mfalme wa Pate, aliyemwogopa, hakupata njia ya kumwua ila kwa kumtumia mwanawe, akamwahidi kumwoza binti yake iwapo ataipeleleza siri ya babake. Mwana akauliza, baba akajibu, na kwa jibu lile akachomwa usingizini, akafa kapiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakichelea kumkaribia. Ndoa iligeuzwa chambo cha dola. Iron Flame ina mwenziwe mwana yule katika Dain Aetos, rafiki wa Violet tangu utotoni, mwenye uwezo wa kusoma kumbukumbu za mtu kwa kumgusa, ambaye wakubwa humtaka amsome Violet akiwa kifungoni. Lakini Dain, alipouona ukweli, aliwageuka waliomtuma. Kwa Kijumwa udhaifu wa shujaa ndio uliofichuka. Kwa Yarros kilichofichuka ni dhuluma ya watawala, na kwa hiyo aliyetumwa kupeleleza akapata nafasi ya kutubu.

Kadhalika Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alituonyesha nchi ieleayo angani ambayo huwatuma wajumbe wake pande zote sita, kisha huwafunga wanaporejea na maarifa. Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno, alisimama mbele ya baraza akaisimulia safari ya kila mjumbe mpaka insafu ikapatikana. Shaaban aliamini kuwa dola yaweza kurekebishwa kwa neno lililonyooka. Yarros hana matumaini kiasi hicho: mashujaa wake hukihama chuo wasichokubaliana nacho, na mwishoni Xaden mwenyewe, kwa kuchelea kumpoteza Violet, hufyonza nguvu ya ardhi kama wafanyavyo maadui. Hatima hiyo ndiyo fadhila kubwa ya kitabu, maana yaonyesha kwamba mapenzi yasiyokubali mpaka wowote huweza kumfananisha mtu na kile alichokipiga vita.

Nimesema Utange ina sababu yake. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, maelfu ya watu walioikimbia vita waliletwa katika kambi iliyokuwa hapa, na kambi ile ikafungwa kabla ya muongo ule kwisha. Wakazi wa mahali kama hapa hawawezi kuusoma mpaka wa Navarre kama pambo la hadithi, kwani wanajua kwamba msiba wa jirani, ufichwe au usifichwe, mwishowe huja na watoto na mizigo yake.

Wako watakaosema kuwa riwaya hii ni ndefu kupita haja, na kwamba mambo ya faragha yaliyomo hayawafai wanafunzi. Yote mawili ni kweli, nami nisingependa iingizwe katika madarasa ya watoto. Ila vijana waliokomaa tayari wanavisoma vitabu vya namna hii, na kuwakemea hakutawafunza lolote. Basi nawaomba walimu na wazazi wa Kisauni wawape pamoja na riwaya hii Kusadikika na utenzi wa Liyongo, na watunzi wetu watuandikie mashujaa ambao, wakiisha kushinda, watathubutu kuuliza wameshinda kwa ajili ya nani.