Ujira wa Yaya na Kodi ya Serikali

Katika mwaka 1939 mume na mke wa Marekani, wote wawili watu wa kazi, walifika mbele ya Baraza la Rufani za Kodi wakitaka ujira wa mayaya wao utolewe katika mapato kabla ya kutozwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: pasipo yaya, mama hatoki kwenda kazini, asipokwenda kazini, hakuna pato la kutozwa kodi. Baraza likakataa. Kulea watoto, likasema, ni jambo la mtu na nyumba yake.

Vikaja vita. Viwanda vilipohitaji mikono ya wanawake, serikali ile ile ikatoa fedha za kuwalelea watoto wao. Vita vilipokwisha, mwaka 1946 ikazikata. Basi jambo la nyumbani liligeuka kuwa la taifa, kisha likarudishwa nyumbani.

Mwaka 1954 Bunge liliruhusu dola 600 kwa mwaka zisitozwe kodi, ila kwa mwanamke mwenye mume msamaha huo ulipungua kadiri pato la wawili lilivyozidi dola 4,500. Mwaka 1971 Rais Nixon aliupinga mswada wa vituo vya malezi vya nchi nzima. Mwaka 1976 sheria ikabadilishwa: asilimia 20 ya gharama, kwa kiwango maalumu, ilipunguzwa katika kodi yenyewe.

Hapo hoja ya mwaka 1939 ilikubaliwa. Lakini mama ambaye ujira wake ulikuwa mdogo hata hakudaiwa kodi, hakuwa na cha kupunguziwa. Naye ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi.